Namna ya kuyaona madoa ya jua huku umeligeuzia jua mgongo

Ukitaka kuliona doa la jua, anza kwa kuligeuzia jua mgongo. Sitanii. Kazi yote ninayoieleza hapa inafanyika ukiwa umeinamia karatasi nyeupe, jua likiwa nyuma ya kisogo chako. Nimekuwa nikiifanya miaka kadhaa sasa hapa Mwanza, kwenye baraza la nyumba ya kupanga, kwa darubini ya mtumba ya macho mawili niliyoikuta sokoni ikiwa imefungwa kwa kamba ya kiatu. Lenzi zake zina mikwaruzo. Inatosha.

Nitakwenda hivi: kwanza utapata picha ya jua kwenye karatasi, halafu tutazungumza kile ulichokiona. Maelezo ya madoa ya jua yapo mengi, ila ukiyasoma kabla hujachora hata siku moja yanapita kama taarifa ya habari. Ukishachora siku kumi, unayasoma ukiwa na maswali yako mwenyewe.

Kwanza macho

Usilitazame jua kwa darubini hata kwa nukta moja. Lenzi ya milimita 50 inakusanya mwanga mwingi na kuumwaga kwenye retina yako, na retina haina mishipa ya maumivu. Utaungua bila kuhisi, na utajua baadaye ukiona kiza katikati ya kila unachokitazama. Usivae miwani ya kupatwa kwa jua ukadhani sasa unaweza kuchungulia kwenye darubini. Joto la mwanga uliokusanywa linaitoboa miwani hiyo kabla hujasema "aah".

Lingine ni beseni la maji. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, Mbarali, watu wengi mikoani walilitazama kwenye beseni, kama walivyofundishwa na bibi zao. Maji yanaakisi kama sehemu mbili kwa mia ya mwanga wa jua. Miwani iliyotengenezwa kwa kazi hii haipitishi hata sehemu nne kwa laki moja. Piga hesabu: beseni linakupa mwanga zaidi ya mara mia tano ya ule unaokubalika. Picha za eksrei, vioo vilivyofukizwa moshi, sidii na miwani ya jua ya kawaida nazo ziache.

Vifaa

Darubini ya macho mawili, iwe 7×50, 8×30 au 10×50. Kipande cha katoni ukubwa wa ukurasa wa gazeti. Karatasi nyeupe na ubao wa kuiegeshea. Selotepu, penseli, bikari, saa. Kiti cha plastiki cha kuegemeza darubini kama huna stendi ya kamera. Na daftari, ambalo ndilo la muhimu kuliko vyote hivyo.

Kama darubini huna, ipo njia ya kioo. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita tano, kiegeshe nje kwenye jua, kisha elekeza mwanga wake uingie dirishani hadi ukuta wa chumba chenye giza. Kila mita ya umbali inakupa karibu sentimita moja ya upana wa jua, kwa hiyo ukuta ulioko mita 20 utaonyesha duara la sentimita 18 hivi. Picha inakuwa na ukungu na utaona madoa makubwa tu, lakini darasa zima linaona kwa pamoja na hakuna wa kuungua.

Hatua ya kwanza: kulileta jua kwenye karatasi

Fanya asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Ardhi haijapata joto sana, hewa haichezichezi, na jua liko mahali unapoweza kulielekezea darubini bila kuvunjika shingo. Saa sita mchana sisi wa karibu na ikweta tunalo utosini, na kuisimamisha darubini wima ni mateso.

Funika lenzi moja ya mbele kwa mfuniko wake na uubane kwa selotepu. Siku moja nilisahau kuubana. Mfuniko ukadondoka, mwanga wa jicho la pili ukatua kwenye kidole changu karibu kabisa na lenzi, na alama yake ninayo hadi leo. Lenzi unayoitumia ivalishe pete ya katoni yenye tundu la sentimita tatu hivi, ili joto lisiiharibu gundi ya ndani. Kisha toboa tundu kwenye katoni kubwa, ipenyeze darubini, na katoni hiyo iwe kama kola shingoni. Itatupa kivuli kwenye karatasi yako, na bila kivuli hicho picha inafifia.

Sasa, jua utalipataje bila kuchungulia? Tazama kivuli cha darubini chini. Izungushe taratibu hadi kivuli kiwe kidogo kuliko kawaida, mapipa yote mawili yakijificha ndani ya vivuli vyao. Hapo ghafla duara jeupe linaruka kwenye karatasi. Isogeze karatasi hadi mita moja nyuma ya darubini, kisha zungusha kirekebisho hadi ukingo wa duara ukatike safi kama umekatwa kwa wembe. Kwa darubini inayokuza mara 10, duara litakuwa na upana wa sentimita 9 na kidogo.

Angalia ukingo huo. Ni hafifu kuliko katikati. Hiyo haitokani na ubovu wa darubini. Katikati ya duara macho yetu yanazama hadi kwenye tabaka la chini lenye joto zaidi, na pembeni tunatazama kwa mshazari, tunaishia kwenye gesi ya juu iliyopoa kidogo. Kwenye ukingo huo huo, siku nyingine, utaona mabaka meupe kama utando wa maziwa. Yakumbuke, nitayarudia.

Ukishatazama dakika tatu au nne, igeuze darubini kando ipumzike. Usiondoke ukaiacha imeelekea juani, hasa kama kuna watoto.

Hatua ya pili: doa au vumbi?

Mara ya kwanza utaona vidoa vingi mno, na nusu yake ni uchafu. Gonga darubini kidogo kwa kidole. Jua litacheza kwenye karatasi. Kidoa kinachocheza pamoja na jua ni cha jua. Kilichobaki pale pale wakati duara linahama ni vumbi la lenzi. Isogeze na karatasi pia, kwa sababu karatasi nayo ina alama zake.

Doa halisi lina sura. Ndani kuna kiini cheusi, na kuzunguka kiini kuna ukanda wa kijivu wenye mistari kama mboni ya jicho na duara lake. Madoa madogo hayana ukanda huo, ni vitone tu. Mara nyingi yanakaa kwa makundi, na kundi lililokomaa lina doa kubwa moja mbele, jingine nyuma, na vijitone katikati kama kuku na vifaranga.

Mtoto wa jirani alipoliona kundi la kwanza kwenye karatasi yangu akauliza, "Anko, mbona jua lina chunusi?" Nikamwambia aweke ncha ya penseli kwenye karatasi, adonoe nukta moja ndogo kando ya duara. Jua lina upana wa mara 109 ya dunia yetu. Kwenye duara la sentimita 9, dunia nzima haifiki milimita moja. Ile nukta yake ndiyo sisi, pamoja na ziwa, na nyumba ya baba yake, na bahari zote. Akalitazama doa tena, akapima kwa kucha, akanyamaza.

Hatua ya tatu: kuchora na kujua pande

Chora duara kwa bikari kabla ya kuanza, lenye upana ule ule wa picha yako. Linganisha, kisha weka madoa mahali pake. Andika tarehe, saa, hali ya mawingu na darubini uliyotumia. Usichore kwa kumbukumbu jioni.

Kujua magharibi ni rahisi: acha darubini bila kuigusa. Dunia inazunguka, kwa hiyo duara litateleza lenyewe na kutoka kwenye eneo la lenzi. Jua lote linapita urefu wa upana wake kwa dakika mbili na sekunde chache. Ukingo unaotangulia ni magharibi. Chagua doa moja, fuata mteremko wake kwa penseli, na hapo umepata mstari wa mashariki hadi magharibi. Kwa kaskazini na kusini, sukuma mdomo wa darubini kidogo kuelekea kaskazini: ukingo wa jua unaotangulia kupotea ni wa kusini. Mhimili wa jua umeinama ukilinganisha na wetu, na ikitegemea mwezi mwinamo huo unaweza kufika nyuzi 26, kwa hiyo njia ya madoa haitalingana sawasawa na mstari wako. Usihangaike na hilo mwaka wa kwanza.

Kwa nini ni jeusi?

Hapa wengi wanakosea, wakidhani doa ni shimo au majivu. Chukua jiko la mkaa lililokolea. Kuna makaa meupe kwa joto na kuna kaa moja limetulia, linaonekana jeusi katikati ya mengine. Liguse uone. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi, na kiini cha doa kina kati ya 3,000 na 4,000. Ni jeusi kwa sababu ya majirani zake. Ungeling'oa doa kubwa ukaliweka peke yake kwenye anga la usiku, lingeng'aa kuliko mbalamwezi.

Swali la kweli ni kwa nini limepoa. Nishati ya jua inatengenezwa katikati kabisa, haidrojeni ikiungana kuwa heliamu, na kilomita 200,000 za mwisho kabla ya uso inasafirishwa kwa kuchemka. Gesi moto inapanda, inamwaga joto lake, inapoa, inazama. Ni uji wa ulezi unaotokota: kila povu linalopasuka juu limebeba joto la chini. Kwenye jua kila povu lina upana wa kilomita 1,000 hivi, yaani kutoka hapa Mwanza hadi Mto Ruvuma, na linaishi dakika kumi tu kabla jingine halijachukua nafasi yake.

Sasa tia sumaku. Gesi ya jua ina joto kiasi kwamba atomi zake zimevuliwa elektroni, na gesi ya namna hiyo haiwezi kupita ovyo kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo mvuto wa sumaku unafika, ukiwa na nguvu. Inashikwa. Mahali ambapo uga umekazana, uji hauwezi kutokota, joto la chini halifiki juu, uso unapoa, na wewe kwenye baraza lako unaona kidoa cheusi. Nguvu ya sumaku ndani ya doa ni maelfu ya mara ya sumaku inayougeuza mshale wa dira hapa duniani. Aliyethibitisha jambo hili ni George Ellery Hale, mwaka 1908, kwenye kituo cha Mount Wilson huko California. Aliutawanya mwanga wa madoa katika rangi zake na kukuta ile mistari myembamba iliyo kati ya rangi imepasuka kama inavyopasuka mwanga unaotoka katikati ya sumaku kwenye maabara.

Na sumaku hiyo inakazana kwa nini? Jua si jiwe. Tumbo lake, kwenye ikweta, linazunguka kwa siku 25 hivi, na sehemu za karibu na ncha zinachukua siku 35 hivi. Uga wa sumaku unaburutwa na gesi, tumbo linatangulia, ncha zinachelewa, na mwaka baada ya mwaka uga unasokotwa kuzunguka jua. Unapokamua kanga iliyolowa ukazidi kuisokota, inafika mahali inajikunja na kuchomoza kitanzi pembeni. Uga wa jua unafanya hivyo hivyo. Kitanzi kinachomoza juu ya uso, na pale mguu mmoja unapotokea na mwingine unaporudi ndani, panapatikana madoa mawili, moja upande wa kaskazini wa sumaku, jingine kusini. Ndiyo maana yanatembea wawili wawili.

Hatua ya nne: wiki mbili

Chora kila siku jua linapoonekana. Siku ya pili utaona doa limehama. Si wewe uliyekosea. Linasogea kutoka mashariki kwenda magharibi, nyuzi 13 hivi kwa siku, na linavuka uso wote kwa takribani wiki mbili. Karibu na ukingo linabanika na kuwa kama yai, kisha kama mstari, halafu linapotea. Likiwa na uhai wa kutosha, wiki mbili baadaye linachungulia tena upande wa mashariki. Mzunguko mzima kwa macho yetu ni siku 27 hivi, zaidi ya zile 25, kwa sababu nasi tunaendelea kulizunguka jua huku lenyewe likigeuka.

Hivi ndivyo Galileo alivyolijua jua kuwa linazunguka, kwa michoro ya kiangazi cha 1612. Mbinu ya kutupa picha kwenye karatasi alifundishwa na mwanafunzi wake, Benedetto Castelli. Galileo alikuwa na mpinzani, padri Christoph Scheiner, aliyedai kwamba madoa ni sayari ndogo zinazopita mbele ya jua, maana jua haliwezi kuwa na kasoro. Ukiona mwenyewe doa likibanika ukingoni, ubishi huo unaumaliza kwa siku tatu. Kitu kinachobanika hivyo kimelala juu ya mpira, hakielei mbele yake.

Hatua ya tano: kuhesabu

Kuna kanuni moja ya kuhesabu, nayo imedumu tangu Rudolf Wolf alipoianzisha Uswisi katikati ya karne ya 19. Hesabu makundi, zidisha kwa 10, kisha ongeza idadi ya madoa yote. Tuseme leo una makundi matatu: moja lina madoa 7, la pili 2, la tatu 1. Makundi matatu mara 10 ni 30, madoa ni 10, jumla 40. Doa moja pekee lililokaa peke yake linahesabiwa kundi na doa, kwa hiyo ni 11. Ndiyo maana hakuna siku yenye namba kati ya 0 na 11.

Kundi lina uzito kwa sababu kila mtu analiona, hata mwenye darubini duni kama yangu, wakati vitone vya ndani vinategemea lenzi na hewa. Namba yako itakuwa ndogo kuliko ile rasmi inayotolewa Brussels, kwenye kituo cha Ubelgiji kinachokusanya hesabu za watazamaji wa nchi nyingi tangu 1981. Usijaribu kuilazimisha ilingane. Chukua namba zao za mwezi mzima, gawanya kwa zako, na utapata kizidishio chako. Kikikaa karibu pale pale mwezi hadi mwezi, wewe ni mtazamaji mzuri.

Ukikusanya namba kwa miaka, linatokea lile lililomshangaza Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, Ujerumani. Alianza mwaka 1826 akitafuta sayari iliyodhaniwa kujificha karibu na jua. Akawa anachora madoa ili asiyachanganye na sayari yake, kila siku isiyo na mawingu, miaka 17. Sayari haikuwepo. Mwaka 1843 akaandika kwamba madoa yenyewe yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama kumi. Leo tunasema 11 kwa wastani, na mizunguko imepewa namba kuanzia ule wa 1755. Tuko kwenye mzunguko wa 25, ulioanza Desemba 2019 na kufika kilele Oktoba 2024. Kupanda huwa kwa haraka na kushuka kwa mwendo wa kobe, kwa hiyo ukianza sasa utayashuhudia madoa yakipungua mwaka hadi mwaka.

Mwanzoni mwa mzunguko madoa yanatokea mbali na ikweta ya jua, kwenye latitudo za 30 hivi, kisha yanazidi kuisogelea. Michoro yako itakuonyesha hilo, ila inataka subira ya miaka. Na kila kilele, ncha za sumaku za jua zinabadilishana: ya kaskazini inakuwa ya kusini. Ukitaka jua lirudi lilivyokuwa kabisa, inakubidi ungoje miaka 22.

Kundi lililochafuka: Mei 2024

Mwanzoni mwa Mei 2024 lilitokea kundi lililopewa namba 3664, kusini mwa ikweta ya jua. Kwa siku chache likavimba hadi upana wa dunia 15 zilizopangwa mstari. Kwenye duara la sentimita 9 hiyo ni sentimita moja na robo, na watu wenye miwani ya kupatwa waliliona bila darubini yoyote.

Kundi kubwa lenye sumaku zilizochanganyikana ni kama kanga iliyosokotwa kupita kiasi. Uga unakatika na kujiunga upya, na nishati inafyatuka. Inafyatuka kwa namna mbili ambazo magazeti huzichanganya. Ya kwanza ni mwako: mwanga na eksrei, vinavyotufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Miako inapangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila herufi ikiwa na nguvu mara kumi ya iliyotangulia. Ya pili ni kurushwa kwa wingu zima la gesi lenye sumaku yake, ambalo huchukua siku moja hadi tatu njiani, likija kwetu. Mwako unaweza kuja bila wingu, na wingu bila mwako mkubwa.

Kundi 3664 lilirusha mawingu kadhaa mfululizo, na yakafika Ijumaa tarehe 10 Mei, saa mbili usiku kwa saa zetu. Dhoruba ya sumaku waliyoizusha hapa duniani ikafika daraja la tano, la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Ndugu walioko Ulaya na Marekani walituma picha za anga la waridi na kijani. Sisi hatukuona kitu, maana mianga ile inafuata sumaku ya dunia kwenda kwenye ncha. Siku nne baadaye, likiwa limefika ukingoni, kundi hilo hilo lilitoa mwako wa X8.7, kisha likazama. Mwishoni mwa Mei likarudi upande wa mashariki, likapewa namba mpya, 3697, na bado lilikuwa na ugomvi. Ndiyo zile siku 27 nilizotaja.

Dhoruba za namna hii zimewahi kuumiza. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilizimika kwa takribani saa tisa, watu milioni sita wakiwa gizani. Februari 2022 dhoruba ndogo tu ilivimbisha angahewa ya juu, na karibu setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimetoka kurushwa zikakosa nguvu ya kupanda, zikaungua.

Sisi wa ikweta tunaguswaje?

Kwa redio za masafa mafupi, jua ndilo fundi mitambo. Linapokuwa na madoa mengi, eksrei na mionzi yake inaijaza angahewa ya juu chaji za umeme, na masafa ya megahezi 15 hadi 28 yanadunda kwenye tabaka hilo na kufika bara jingine. Madoa yakiisha, masafa hayo yanakufa miaka miwili mitatu. Mwako wa X ukitokea mchana wetu, mawimbi mafupi yanaweza kunyamaza kwa dakika kadhaa hadi saa nzima, na yanayoumia zaidi ni ya maeneo yaliyo chini ya jua la utosini. FM haijali.

Wapima ardhi na marubani wa droni nao wana lao. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, kaskazini yetu. Baada ya magharibi, angahewa ya juu ya ukanda huu inatoka mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya setilaiti, na hali huwa mbaya zaidi miaka ya madoa mengi, hasa Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, kati ya saa mbili usiku na saa sita usiku. Bodaboda anayetafuta nyumba ya mteja hatahisi kitu. Anayetaka usahihi wa sentimita afunge kazi kabla ya machweo.

Kuna mambo mawili ambayo watu huniuliza kila mara. La kwanza ni ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kila mwaka: zimeni simu usiku wa leo, mionzi ya anga za mbali itapita karibu na dunia. Mionzi hiyo ipo, inapita muda wote, na jua linapochangamka ndipo inapungua, kwa sababu upepo wa jua, ile gesi yenye sumaku inayotoka juani muda wote, unaifukuza. Joto la Dar es Salaam nalo lisisingiziwe madoa. Kati ya kilele na shimo la mzunguko, yaani kipindi cha madoa machache kabisa, mwanga wa jua unabadilika kwa takribani sehemu moja tu kwa elfu. Tena jua la madoa mengi linang'aa zaidi kidogo, kwa sababu yale mabaka meupe ya ukingoni yanazidi kiza cha madoa.

La pili ni letu wa Ziwa Victoria, na linanifurahisha zaidi. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba kina cha ziwa kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Kwa miaka ile mistari miwili ilifuatana vizuri mno. Baadaye kidogo ikaachana. Mvua kubwa za 1961 zikalipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, likafika kilele Mei 1964, mwaka ambao jua lilikuwa karibu halina doa. Mwaka 2020 maji yakarudi kwenye kiwango kile kile, yakaingia majumbani huku kwetu, na jua tena lilikuwa limetoka tu kwenye shimo la mzunguko. Kisha Mei 2024 yakafurika upya, na safari hii madoa yalikuwa kileleni. Kwa hiyo daftari langu lina safu ya madoa na safu ya kina cha maji gatini, na sijathubutu kuziunganisha kwa mstari.

Siku za karatasi tupu

Kadiri mzunguko unavyoshuka utakutana na asubuhi ambazo duara ni jeupe tupu. Hakikisha umeliweka sawa kwenye lenzi: ukingo uwe mkali na vumbi la darubini lionekane mahali pake. Tafuta mabaka meupe pembeni, maana mara nyingi yanatangulia doa kwa siku moja au mbili. Kama hakuna, chora duara, andika tarehe na saa, na katikati uandike 0. Siku ya mawingu usiandike sifuri, andika "mawingu". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo itakayoifanya hesabu yako isomeke na mtu mwingine.